Wa Mwisho Hurudiwa

Katika mtaa mzima wa Kondele, kando ya ziwa, hapajatokea mtu anayekimbia polepole kama Seline Akinyi, na hapajatokea mtu aliyezua vurugu kubwa kama yeye kwa kukimbia kwake. Kuku wa jirani akiamua kwenda upande uleule humpita. Seline analijua hilo na wala halimkoseshi usingizi. Anakimbia kwa hatua fupifupi, viwiko vimebanwa mbavuni, kitambaa kichwani na leso kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Alisema tangu mwanzo kwamba leso hiyo haitoki, na anayeona haya akimbie na macho yake mbele.

Yeye ni muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Meza yake iko soko la Kondele, na mkono wake una sifa: akishajaza gorogoro, kile kibati cha kupimia, huongeza konzi moja juu, hata kwa mteja asiyemjua. Mumewe, Obonyo, alikuwa mshona viatu palepale sokoni, mtu wa maneno mengi ambaye angeweza kukushonea kiatu kimoja kutwa nzima kwa sababu ya hadithi. Watu waliwazoea wawili hao wakitaniana kutoka meza hadi meza. Obonyo alipofariki walimzika kwao Seme, na nyumba ya Kondele ikawa kimya kiasi kwamba Seline alianza kuacha redio ikisema peke yake hata anapokwenda kazini.

Mtoto wao ni mmoja, Winny. Anafanya kazi Nairobi katika ofisi ya bima na anakaa ghorofani, juu kabisa, mahali ambapo ukifungua dirisha unaangalia dirisha la mwenzako. Ni mtoto mwema, mkali kidogo, kama watoto wote wanaotuma dawa kwa basi na kupiga simu kuuliza kama zimemezwa.

Sasa, mwaka jana Aprili, uvuvi wa omena ulipofungwa kama kila mwaka ili samaki wazaane, Seline alibaki na meza tupu. Akawa wa kushinda nyumbani, yeye na redio. Siku moja akaanguka kwenye foleni ya maji, mtungi ukamwagikia watu, na kliniki wakamwambia ana presha. Wakampa dawa, wakamkataza chumvi, wakamwambia atembee kila siku. Winny akafika mbio kutoka Nairobi na uso wa mtu aliyeshaamua jambo njiani.

"Mama, nakupatia mpaka Pasaka ijayo," alisema. "Nikikuja nipate presha bado iko juu, tunafunga hii nyumba unakuja kukaa na mimi."

Seline anampenda mwanawe kupita kiasi, lakini Nairobi anaijua. Baada ya matanga alikaa kule majuma mawili, na katika majuma hayo hakuna mtu aliyemwita kwa jina isipokuwa Winny, jioni, akiwa amechoka. Kondele, kutoka mlangoni pake hadi sokoni, husalimiwa mpaka anachelewa. Na Seme iko karibu. Akitaka kwenda kung'oa majani kwenye kaburi la Obonyo anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Alitaka kuzeekea hapa, azikwe kando ya mtu wake, basi. Hakuwa na ombi lingine duniani, na sasa ombi hilo lilining'inia kwenye kile kitambaa cha kupimia presha ambacho nesi hukifunga mkononi na kukijaza upepo.

Kwa hiyo alianza kutembea. Upande wa kwenda Mamboleo kuna bustani kando ya mto, yenye njia ya udongo inayoufuata mto hadi kidaraja cha miguu, halafu unageuka na kurudi ulikotoka. Langoni kuna jiwe jeupe. Hapo alikutana na kikundi kinachojiita Kutangulia Si Kufika, na kiongozi wake, Wakhisi.

Wakhisi ni fundi wa pikipiki, mzaliwa wa Bungoma, mwenye kitambi kinachofika kabla yake. Alimtazama Seline akizunguka peke yake siku mbili tatu, halafu akamwambia kwamba mtu anayetembea peke yake huacha mazoezi mvua ya kwanza ikinyesha. Akamwita ajiunge. Seline akamjibu kwamba yeye angekuwa wa mwisho kila siku. Wakhisi akafurahi sana kusikia hivyo, maana nafasi ya wa mwisho ilikuwa wazi. Aliyekuwa akiishikilia alikuwa amehamia Port Victoria.

"Hapa wa mwisho tunamrudia," alimweleza. "Sisi kwetu kijana akitoka mtoni asubuhi ya kutahiriwa, hawezi kuja nyumbani peke yake. Watu wanamleta wakiimba. Hata hapa ni hivyo. Mtu hawezi toka mtoni peke yake."

Na ndivyo wanavyofanya mpaka leo. Wenye kasi wakishafika hawagusi jiwe wala chai. Wanageuka wote, wanarudi nyuma hadi wamkute aliye nyuma kabisa, wanamweka katikati, na wanakuja naye polepole wakiimba. Wimbo wenyewe si ule wa tohara, maana huo hauimbwi ovyo. Ni wimbo wa kupalilia mahindi. Wote wakishagusa jiwe, ndipo chupa za chai hufunguliwa.

Jumamosi yake ya kwanza Seline alichelewa kuamka. Kwa kuogopa kuachwa, akafunga leso kiunoni, akatoka mlangoni, akaanza kukimbia palepale barabarani, kabla jua halijatoka vizuri. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Watu wa ziwa wana macho yao. Mama mzima hakimbii. Sokoni hutembea, kanisani hutembea, hata mvua ikimkuta njiani hutembea na kuilalamikia. Ukimwona anakimbia alfajiri, leso imefungwa kiunoni, kuna habari moja tu inayoweza kumkimbiza hivyo. Mercyline, rafiki yake anayekaanga mandazi kando ya barabara, alimwona akipita, akaacha mandazi kwenye mafuta, akaweka mikono kichwani na kupiga nduru. Nduru ile ikamtoa mama wa mboga na mama wa mitumba, na wengine waliokuwa bado wanapanga nyanya. Wakamfuata Seline barabarani wakilia. Mmoja aliuliza aliyekufa ni nani, na hakuna aliyejua, lakini hakuna aliyenyamaza pia, kwa sababu kila mtu ana wake wa kumlilia.

Wakaingia bustanini. Mercyline akamshika Seline mabega.

"Mama Winny, nani ametuacha?"

Seline hakuwa na pumzi hata ya kusema ndiyo. Akainua mkono mmoja juu na kuuacha uanguke, na wote wakaona msiba umethibitishwa, wakazidisha. Ilipita muda mrefu kabla ya sauti kupatikana.

"Hakuna mtu amekufa," alisema. "Ni mazoezi tu nafanya."

Mandazi ya Mercyline yaliungua yote. Alimnunia Seline hadi Jumapili ya pili, na aliapa mbele ya mashahidi kwamba maisha yake yote yaliyobaki hatapiga nduru tena kabla ya kumwona maiti kwa macho yake mwenyewe. Kiapo hicho tutakirudia.

Basi mwaka ukaanza kupita, na pale mtoni mwaka hauna haja ya kalenda. Juni nyasi zilikuwa zimefika magotini na mapera yameiva, na mbio zilikwama kila mara kwa sababu mtu amesimama chini ya mpera akijifanya anafunga kamba za kiatu. Agosti uvuvi wa omena ukafunguliwa, Seline akarudi mezani kwake, akawa anakuja mazoezini ananukia soko. Paka wa bustanini walimpenda tangu siku hiyo. Walimfuata hadi kidarajani mikia juu, na Wakhisi akawa anawahesabu miongoni mwa wanachama. Oktoba mijakaranda ilimwaga maua njiani, yakawa yanateleza, na maharusi wakaja kupiga picha. Ninaamini zipo picha nyingi za arusi katika mji huu ambazo nyuma ya bibi arusi anaonekana mama mmoja mwenye leso, anakimbia, na bado yuko palepale katika picha zote tano.

Zilikuja pia zile siku ambazo vijidudu vya ziwani, visivyouma, huinuka kama moshi na kuingia popote penye uwazi. Siku hizo kikundi hukimbia midomo imefungwa. Ni siku pekee ambazo Wakhisi hunyamaza, na wako wanaoomba zirefushwe.

Kwa simu Seline alimwambia Winny kwamba anatembeatembea. Neno kukimbia hakulitaja. Daktari alisema kutembea, na alimjua mwanawe. Angesikia mama yake anakimbia na wanaume wa Mamboleo, angepanda basi jioni hiyohiyo. Presha yenyewe ilikuwa inashuka, taratibu, kwa mwendo wa mwenye presha. Kisha ikaja Desemba. Kila mtu akaenda kwao, wa Bungoma kwao na wa Siaya kwao, bustani ikabaki na korongo wa mtoni tu. Seline akaenda Seme, akala samaki wa chumvi, akala chapati, akakaa. Kliniki ya Januari nesi alitazama saa ya kile kipimo, akapima tena, akatikisa kichwa. Ilikuwa imepanda tena hadi karibu na pale ilipoanzia.

Jioni hiyo Seline alilia. Alikaa kitandani upande wa Obonyo, akailia nyumba yake kama vile ameshaifunga. Halafu akanawa uso, akatafuta viatu.

Januari na Februari mto ulikauka ukabaki mawe na vidimbwi. Vumbi liliwageuza wote rangi moja, na Seline alikuja kila asubuhi ambayo mguu ulikubali. Wakhisi hakumuuliza kitu. Aliongeza tu siku za kikundi, akidai kwamba ni kitambi chake kinachohitaji. Machi mvua ya kwanza ikapiga, na asubuhi iliyofuata kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu, na huo ukawa mwisho wa nidhamu. Mbio zilivunjika katikati ya njia. Watu walivua kofia wakakusanyia humo, Seline akafungua leso yake kwa mara ya kwanza tangu ajiunge, na Wakhisi aliyekuwa akipuliza kipenga kwa hasira alionekana baadaye amejaza mifuko yote. Waliwakaanga palepale langoni. Seline alikula wa kwake bila chumvi, na uso wake ulisema wazi anachokifikiria kuhusu madaktari.

Mvua ikaendelea. Mto ukajaa, ukawa wa rangi ya chai ya maziwa, ukameza njia ya chini, nao wakahamia njia ya juu. Pasaka ikakaribia. Juma lile Winny alipiga simu, wakajibizana. Alisema ameshatafuta kitanda. Seline akajibu kwamba hajaomba kitanda. Winny akamwambia maneno makali kidogo, kwamba mtu hawezi kukataa kusaidiwa kisha akaanguka tena kwenye foleni ya maji. Simu ikakatika, au ikakatwa. Usiku huo wote wawili hawakulala vizuri, mmoja Kondele na mwingine ghorofani.

Ndiyo maana Winny alipanda basi la usiku bila kusema, afike Jumamosi mapema amwombe mama yake radhi. Alifika akakuta kufuli mlangoni. Akaenda kwenye stendi ya bodaboda kuuliza.

"Mama yako?" alisema kijana mmoja, bila hata kuinua macho kwenye simu. "Nimeona akikimbia, ameelekea mtoni."

Kwa yule kijana hiyo haikuwa habari. Angeweza kuwa anasema jogoo amewika. Lakini Winny hakuwepo mwaka ule wote. Yeye ni mtoto wa Kondele, na macho yake ni yale ya watu wake: mama mzima hakimbii. Na kama anakimbia peke yake alfajiri, kuelekea mto uliojaa, baada ya maneno yale ya simu, basi wazo ni moja tu. Akatupa begi, akakimbia.

Mercyline alimwona. Mandazi yalikuwa ndiyo kwanza yanageuka rangi. Winny wa Nairobi, ambaye hakuna aliyesikia kuwa anakuja, alfajiri, analia barabarani na viatu vya ofisini mkononi! Mtu angehitaji nini zaidi ili aelewe kwamba mtoto ameitiwa maiti ya mama yake? Nduru ilimfika Mercyline kwenye meno. Akakumbuka kiapo, akajaza upindo wa leso mdomoni na kufuata. Mama wa mboga akafuata, na wa mitumba. Safari hii walikwenda kimya, na ukimya huo ulitisha kuliko kelele za mwaka uliopita.

Winny aliingia bustanini kwa njia anayoikumbuka, ile ya chini, ikamfikisha ukingoni mwa maji na kuishia hapo. Akainua macho. Juu yake, kwenye njia nyingine, kundi la watu lilikuwa linakuja kutoka upande wa mto, limebanana, polepole, likiimba wimbo wa lugha asiyoijua, na katikati yao kulikuwa na kitu asichoweza kukiona. Watu wa ziwa wanajua maana ya watu wanaotoka majini pamoja, polepole, wakiimba: huwa wamembeba aliyezama. Aliketi kwenye tope na hakuweza kusimama.

Huko juu kundi lilikuwa linafika langoni. Seline alikuwa katikati, ametota jasho, paka wawili nyuma yake, anajiona vizuri kuliko siku zote. Akakuta wanawake wa soko wamesimama kando ya jiwe jeupe, machozi mashavuni, na Mercyline amejaza leso mdomoni.

"Mercyline, nani ametuacha?"

Mercyline akatoa leso mdomoni.

"Ni wewe," alisema, na akaanza kumpiga nayo mabegani, akilia na kucheka, akimwambia kwamba haya ni mandazi ya pili yanayoungua kwa ajili yake. Halafu akaonyesha chini, ukingoni, mahali alipokaa mtu mmoja peke yake kwenye tope, kichwa kwenye magoti. Seline alimtambua kwa mgongo tu, kama mama yeyote angemtambua.

Mkono wake ulikuwa umebakiza kidogo kugusa jiwe. Akaurudisha.

"Kuna mtu bado yuko nyuma," alisema.

Akageuka na kushuka. Wakhisi akanyanyua mkono kuwazuia wengine, wamwache kwanza. Wale wanaosema Seline hana kasi hawakumwona akishuka mteremko ule.

Winny alimshika miguu kwanza, kisha mikono, kisha uso, kama anayehakikisha kwamba vyote vimo. Alipopata sauti alisema alichokuwa akikiwaza.

"Nilidhani umejitupa, Mama."

"Nijitupe nikuachie nani, nyathina, mtoto wangu?" Seline akaketi naye kwenye lilelile tope.

Winny aliuliza wale watu walikuwa wanafanya nini, na mama yake akamsimulia: mbio, kikundi, wimbo wa mahindi, jiwe. Alikiri kwamba yeye ni wa mwisho kila siku, na kila siku hurudiwa. Winny alisikiliza akiwatazama wale watu kule juu, waliokuwa wamesimama mvuani, maana manyunyu yalikuwa yameanza, bila hata mmoja kugusa chai.

"Kila siku wanarudi?"

"Kila siku."

"Mimi huko Nairobi," Winny alisema, na ukali wake wote ukawa umeisha, "nikianguka kwa ngazi, hakuna mtu anarudi."

Hapo Seline akaelewa, na akajionea haya kwamba ilimchukua mwaka mzima. Alidhani mtoto anataka kumhamisha kama kabati. Kumbe kitanda kile kilitafutwa na mtu anayerudi jioni kwenye nyumba ambayo hata redio haimsemeshi. Alimkumbatia, leso na tope na harufu ya omena. Kisha Wakhisi akaanzisha wimbo, watu wakashuka, wakawaweka wote wawili katikati na kuwapandisha. Waligusa jiwe pamoja. Mercyline aliimba kuliko wote, na maneno hakuyajua hata moja.

Baada ya sikukuu walikwenda kliniki. Nesi akapima, akasema imeshuka, si sana, dawa zisiachwe na chumvi isiguswe. Winny aliitikia, akashukuru, na habari ya kufunga nyumba hakuitaja tena. Alirudi Nairobi peke yake na mfuko wa omena mapajani, akanusisha basi zima.

Siku hizi, Jumamosi, watu wakishagusa jiwe, chai haifunguliwi bado. Seline anaketi, simu sikioni, na wenzake wanangoja wakijinyoosha. Huko Nairobi Winny yuko barabarani na viatu vya mazoezi, anahema, analalamikia mlima. Mama yake anamuuliza amefika wapi. Kwa duka la mkate, anajibu. Halafu kwa kituo cha mafuta. Halafu langoni.

"Gusa," Seline anamwambia.

Anasikiliza mpaka asikie mkono ukigonga chuma cha lango. Ndipo anapokata simu na kuwaambia wenzake kwamba wa mwisho amefika, wamimine chai.